Umaliziaji wa Mapambo ya Ndani ya Gari Dodoma: Kutambua Dalili, Chanzo na Tiba

Kipande cha mapambo kinapoharibika ndani ya gari, iwe ni stika iliyojikunja ukingoni mwa dashibodi, rangi inayobanduka mlangoni au mbao iliyojaa nyufa, lawama ya kwanza huiendea bidhaa: stika ilikuwa ya bei rahisi, rangi ilikuwa feki. Kwa yale ninayoyaona karakanani kwangu hapa Kizota, lawama hiyo mara nyingi si ya haki. Kazi nyingi ninazoletewa kurudia zilishindwa kabla kopo la rangi halijafunguliwa, kwa kuwa aliyezifanya hakujua plastiki aliyoishika ni ya aina gani, au aliisafisha kwa macho tu, au alifanya kazi kana kwamba gari lile litaegeshwa kivulini maisha yake yote. Tiba yoyote inayofunika dalili bila kushuka hadi kwenye plastiki yenyewe hudumu msimu mmoja, na mwenye gari hulipa mara mbili.

Dodoma ina masharti yake. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua huanza kuelekea Desemba na kukoma Aprili, na miezi iliyobaki ni ya ukavu, upepo na vumbi. Gari likiegeshwa juani mchana, vioo vikiwa vimefungwa, uso wa dashibodi nyeusi huweza kupita nyuzi joto 70 za sentigredi, na usiku wa Juni au Julai dashibodi hiyohiyo hupoa hadi chini ya nyuzi 15. Plastiki, gundi, rangi na mbao havitanuki kwa kiwango kimoja, kwa hiyo kila siku huvutana na kuachiana. Aidha, kioo cha mbele kimeunganishwa kwa tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati, na utando huo huzuia sehemu kubwa sana ya mionzi ya urujuanimno, ilhali vioo vya kawaida vya milango huipitisha zaidi. Ndiyo maana mapambo ya milango hupauka mapema kuliko ya dashibodi, na ya dashibodi huumizwa zaidi na joto. Unapoona dalili, anza kwa kuangalia imetokea upande gani wa gari.

Kabla ya kutibu, geuza kipande usome mgongo wake

Fungua kipande kwa kikwangulio cha plastiki, si bisibisi ya chuma, ili usivunje vishikizo vyake. Kama kiko kwenye usukani, mbele ya abiria, ubavuni mwa kiti au kwenye nguzo za vioo, tafuta kwanza maandishi SRS, kwa sababu nyuma yake huenda kuna mfuko wa hewa. Ondoa waya wa hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90, kama vitabu vya Toyota vinavyoelekeza, ndipo uendelee. Kifuniko cha mfuko wenyewe kiachwe kama kilivyotoka kiwandani: kisipakwe tabaka za rangi, kisibandikwe stika, kisishonewe ngozi, kwa maana mstari wake wa kupasukia umepimwa ili uachie kwa nguvu na kasi maalumu. Wateja hunisihi sana kuhusu jambo hili, hasa wanaotaka dashibodi nzima iwe ya rangi moja, na kila mara nimekataa.

Mgongoni mwa kipande utakuta herufi zilizochongwa kati ya alama mbili za mshale. ABS ni plastiki ngumu inayopokea rangi vizuri ikipigwa msasa, lakini huumizwa na thina kali. PC+ABS hutenda karibu sawa na ABS, ila huvumilia joto zaidi. PP ndiyo yenye ukaidi: uso wake haupendi kushikwa na kitu chochote, iwe gundi au rangi, na ndiyo iliyotumika sana sehemu za chini za milango na kuzunguka kisanduku cha gia. Ukikuta PP-T20, maana yake ni PP iliyochanganywa na unga wa talki kwa asilimia 20, na ukaidi wake ni uleule.

Herufi zikiwa hazisomeki, nyoa chembe ya plastiki kutoka mahali pasipoonekana na uitupe kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. PP tupu huelea, ABS huzama. Hata hivyo PP yenye talki nayo huweza kuzama, kwa hiyo thibitisha kwa kugusa mgongo wa kipande na pamba yenye asetoni. ABS italainika papo hapo na kunata kidoleni, wakati PP itabaki kavu kana kwamba hujaigusa. Jaribio hili la nusu dakika limeniokolea kazi nyingi kuliko chombo chochote nilicho nacho.

Stika inajikunja ukingoni au inafunguka kwenye kona

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi kati ya Agosti na Novemba. Usikimbilie gundi ya chupa. Inua ukingo ulioachia kwa ncha ya wembe, uvute taratibu sentimeta mbili, kisha usogeze taa karibu uangalie gundi imebaki wapi, kwa sababu hapo ndipo jibu lilipo.

Gundi ikiwa imebaki yote kwenye stika, safi na yenye kung'aa, na plastiki ikiwa haina alama yoyote, basi gundi haikuwahi kushika. Chanzo ni mafuta ya polishi ya dashibodi, au plastiki ni PP na stika haikuwa na gundi inayofaa. Gundi ikiwa imegawanyika, nusu huku na nusu kule, ikivutika kama ubwabwa wa mtoto, stika imepikwa na joto na gundi yake imechoka. Na ukiona mstari mwembamba mweusi wa gundi yenye vumbi umebaki kwenye plastiki pembezoni mwa stika, yaani stika imerudi nyuma na kuacha nyayo zake, hiyo ni stika iliyosinyaa.

Kusinyaa kuna historia yake kiwandani. Stika za vinili ziko za aina mbili. Moja hutengenezwa kwa kukandamizwa na kuvutwa kati ya mitambo ya mviringo, nayo hubaki na kumbukumbu ya ule mvuto, hivyo ikipata joto hutaka kurudi ilikotoka. Nyingine humiminwa ikiwa majimaji na kukaushwa bila kuvutwa, ni nyembamba zaidi, hufuata mikunjo vizuri na husinyaa kidogo sana. Ya kwanza inafaa kipande bapa kisichopigwa na jua moja kwa moja. Kwa dashibodi ya gari linaloegeshwa Dodoma, tumia ya pili, hata kama bei yake ni kubwa zaidi.

Mama mmoja, mtumishi wa Serikali ambaye gari lake hushinda juani Mtumba, aliniletea Mark X yenye stika ya mfano wa kaboni kuzunguka redio. “Fundi, hii ni mara ya pili mwaka huu,” akaniambia, “na zote mbili zimeanzia kona ileile.” Maneno yake yalinipa nusu ya jibu, kwa sababu stika mbovu huachia popote, ila inayoachia kona ileile mara mbili imevutwa kupita kiasi hapo. Nilipoibandua, kipande kilichokuwa kwenye bonde la chini ya kitufe cha hatari kilikuwa kimepauka na kuwa chembamba, na vimistari vyake vya kaboni vilikuwa vimetanuka karibu maradufu kuliko sehemu nyingine. Fundi aliyetangulia alilaza stika kwenye sehemu za juu kwanza, kisha akailazimisha ishuke bondeni.

Tiba ni kugeuza mpangilio huo. Laza stika bondeni kwanza ikiwa imelegea, kisha panda nayo kuelekea kingo, ukitumia joto kidogo tu la kuilainisha. Ipitishe nyuma ya ukingo milimita tano hadi kumi, usiikate sawasawa na ukingo. Ukimaliza, pasha kingo zote na mabonde yote kwa mashine ya hewa ya moto hadi uso wa stika ufikie nyuzi 90 hivi au kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, ili kumbukumbu ya mvuto ife. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na wengi, kwa sababu kazi tayari inapendeza na mteja amekwisha kufika. Pima kwa kipimajoto cha mwanga wala usikisie kwa mkono, kwa maana plastiki ya ABS huanza kulegea ikikaribia nyuzi 100 na kipande kinaweza kupinda usikirudishe tena. Kisha gari likae kivulini saa 24.

Mapovu chini ya stika

Povu lililotokea siku ya kwanza ni hewa; toboa kwa sindano nyembamba, bonyeza kutoka pembeni kuelekea tundu, na pasha kidogo. Povu lenye punje ngumu katikati ni vumbi, na halina tiba isipokuwa kurudia. Wakati wa kiangazi karatasi ya stika ikibanduliwa huzaa umeme tuli unaovuta vumbi kutoka hewani, kwa hiyo nyunyizia sakafu maji na upitishe kitambaa chenye unyevunyevu kwenye meza kabla hujaibandua. Mapovu yanayojitokeza baada ya wiki, madogo na mengi juu ya kipande kilichopakwa rangi karibuni, ni mvuke wa thina ambayo haikumaliza kutoka kwenye rangi hiyo.

Rangi inabanduka kwa vipande vikubwa kama ganda la kitunguu

Chukua ukucha, sukuma ukingo wa rangi. Ikitoka kwa kipande kipana na plastiki chini yake ikawa laini na safi, una PP iliyopakwa rangi bila praima ya plastiki, yaani tabaka la kwanza la kushikisha rangi. Msasa peke yake hausaidii hapa. Watu husugua PP kwa msasa namba 180 wakidhani mikwaruzo itashika rangi, lakini PP ikisuguliwa hivyo hutoa nyuzinyuzi zinazosimama kama manyoya, na rangi hushika manyoya badala ya mwili.

Njia sahihi ni kuosha kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ukitumia brashi kwenye vinyweleo vya plastiki, kisha kukausha, kufuta kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi, kusugua kwa wepesi kwa pedi ya kijivu ya kusugulia au msasa wa namba 600, na kufuta tena. Ndipo unapuliza praima maalumu ya PP, tabaka jembamba kabisa, linaloonekana kama unyevu tu. Nyingi za praima hizi ni za kuunganisha na hazijazi mikwaruzo, na nyingi hutaka rangi ifuate ndani ya muda mfupi ulioandikwa kwenye kopo. Ukiipuliza jioni ukalala, asubuhi ni kama hukupuliza.

Rangi ikibanduka pamoja na praima kutoka kwenye ABS, chanzo huwa ni mafuta ya mikono au sabuni isiyosuuzwa. Ikiwa haibanduki bali imejaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na nyufa hizo ukizifuata zinaingia hadi ndani ya plastiki, basi thina kali imeishambulia ABS. Hapo hakuna rangi itakayosaidia. Tafuta kipande kingine.

Kabla hujakabidhi kazi, fanya jaribio kwenye kona iliyofichika: chora kwa wembe vimistari sita vya kwenda na sita vya kukatisha, viachane milimita mbili, bandika utepe wenye gundi kali, kandamiza kwa kidole, uvute kwa haraka. Vijisanduku vyote vikibaki, gari liende.

Vishimo vidogo vya mviringo kwenye rangi mbichi

Rangi inapulizwa, na mbele ya macho yako inajitenga na kuacha vishimo vya mviringo vinavyoonyesha tabaka la chini. Hiyo ni silikoni. Imetoka kwenye polishi ya kung'arishia dashibodi ambayo waosha magari huipaka kwa wingi, na ambayo mwenye gari huipenda kwa sababu plastiki yake iliyopauka inaonekana mpya kwa siku tatu. Silikoni huingia kwenye vinyweleo vya plastiki na haiondoki kwa kufuta mara moja.

Kosa langu mwenyewe lilinifundisha jambo hili. Nilikuwa na paneli nne za milango ya Harrier, nikazifuta zote kwa kitambaa kimoja chenye spiriti, nikigeuza upande kila nilipokiona kichafu. Paneli ya kwanza ilikuwa imejaa polishi, na kitambaa kile kiliihamishia tatu zilizobaki. Zote nne ziliharibika, nami nikagharamia rangi upya. Tangu siku hiyo kila kipande kina vitambaa vyake viwili, kimoja cha kupaka kisafishio na cha pili kikavu cha kukiondoa kabla hakijakauka, na vyote hutupwa.

Ili kujua kama uso umetakata, mwagia maji safi. Kwenye ABS au praima iliyosuguliwa, maji hutandaa kama kitambaa. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta. Jaribio hili halifai kwa PP tupu, kwa sababu yenyewe hukataa maji hata ikiwa safi. Vishimo vikishatokea, usivifukie kwa kupuliza rangi nzito juu yake. Subiri ikauke, shuka kwa msasa hadi chini ya vishimo, osha upya na uanze tena. Mwambie pia mteja asiruhusu tena polishi ya silikoni iguse kipande hicho.

Uso unaokwaruza, ganda la chungwa na ukungu mweupe

Dalili hizi tatu zinatoka hewani. Uso ukiwa na chengachenga kama unga wa msasa, rangi ilikauka kabla haijatua: bunduki ya kupulizia rangi ilikuwa mbali, au hewa ilikuwa ya moto na yenye upepo, nayo thina ilikuwa ya haraka mno. Kuanzia Septemba hadi mvua zinapoanza, nunua thina ya kukauka taratibu, puliza saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi kabla upepo haujachachamaa, na umwagie sakafu maji. Ukiwa na vinundu laini kama ganda la chungwa, rangi ilikuwa nzito au shinikizo la kompresa lilikuwa dogo. Klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi, ikishakauka kabisa, sugua kwa msasa wa maji namba 1500 kisha 2000, halafu uing'arishe.

Ukungu mweupe ndani ya rangi hutokea kinyume chake, yaani Januari na Februari, siku za mvua. Thina inapokauka huupoza uso, unyevu wa hewa hutua juu yake na kunaswa. Ukipuliza upya tabaka jepesi lenye thina ya taratibu, ukungu mara nyingi huyeyuka. Ukiona matone badala ya ukungu, toa maji kwenye tangi la kompresa, kwa sababu katika msimu huo hujaa upesi kuliko unavyodhani.

Klia zinazochanganywa na hadina, yaani kimiminika cha kuzigandisha, hudumu ndani ya gari kuliko za kopo la kubonyeza, na ndizo ninazozitumia. Lakini hadina yake ina isosaianeti, sumu inayoweza kumpa fundi ugonjwa wa pumu usiomtoka. Kitambaa cha pua si kinga. Vaa barakoa inayotosha usoni barabara na yenye vichujio vya kemikali, tena puliza mahali penye hewa inayopita.

Nyeusi ya kung'aa iliyojaa mikwaruzo

Paneli nyeusi zinazong'aa kama kioo huonyesha kila kitu, na vumbi la hapa, ambalo lina mchanga, huzikwaruza kila zinapofutwa kikavu. Mikwaruzo isiyokamata ukucha huondoka kwa kung'arishwa kwa mkono. Inayokamata inahitaji msasa na klia mpya. Kwa mtu anayeishi barabara ya vumbi Nzuguni au Nkuhungu, ushauri wangu ni kuziacha, na kuchagua rangi isiyong'aa au stika yenye mchoro wa chuma kilichosuguliwa.

Michoro ya kuzamisha kwenye maji

Katika umaliziaji huu, utando wa PVA (plastiki inayoyeyuka kwenye maji) uliochapwa mchoro wa mbao au kaboni hulazwa uelee juu ya maji ya nyuzi 30 hivi, hupulizwa kemikali ya kuuyeyusha, na kipande huzamishwa ili wino uking'ang'anie. Mchoro ukiwa umepasuka na kuacha mianya, kemikali ilikuwa nyingi au ulichelewa kuzamisha. Ukiwa na mikunjo na wino ukafutika kwa kidole, kemikali ilikuwa kidogo au maji yalikuwa baridi. Ukivutika upande mmoja, kipande kiliingia kikiwa kimesimama wima mno. Kiingize kwa mshazari wa nyuzi 45 na mwendo usiobadilika.

Dalili inayochelewa ni klia kubanduka ikiwa nzima, na mchoro kubaki safi chini yake. Hapo PVA haikuoshwa yote. Uso ukiwa bado unateleza kama ute wa bamia chini ya maji, endelea kusuuza kwa maji ya uvuguvugu hadi utelezi uishe wote, kisha kausha kikamilifu kabla ya klia. Ikishabanduka, mchoro wenyewe huwa umepotea, na kazi huanza upya.

Mbao iliyopasuka au kuwa ya njano

Crown na magari mengine ya daraja hilo huja na mapambo ya mbao, na si yote ni mbao. Tazama ukingo wa nyuma: mbao halisi ni ganda jembamba lililogandishwa juu ya plastiki au chuma na kufunikwa klia nene, na michirizi yake haijirudii, ya kuchapwa hujirudia, ukitafuta vizuri utaona kifundo kilekile mara mbili.

Nyufa zikiwa kwenye klia tu, ukizitazama kwa pembeni utaona zinaelea juu ya mbao. Sugua kwa msasa namba 320 kisha 400 hadi nyufa ziishe, ukisimama kila mara kutazama, kwa sababu ganda la mbao ni jembamba sana na ukilitoboa hakuna kurudi nyuma. Weka klia mpya yenye kinga ya urujuanimno kwa tabaka kadhaa, ukiacha kila moja ikauke. Njano nayo ni ya klia iliyochomwa na mionzi, na huondoka kwa njia hiyohiyo. Nyufa zikiingia ndani ya mbao yenyewe, ganda limeachia chini; kulijaza hakusaidii, libadilishwe. Kwenye mbao ya kuchapwa usisugue hadi kwenye mchoro, maana utaufuta.

Dashibodi inayonata

Kuna dashibodi na vitufe ambavyo vilikuwa na mguso laini kama mpira, na sasa vinanata, vinaacha rangi kidoleni na vinashika kila vumbi. Baadhi ya magari ya Toyota, Lexus na Nissan ya miaka ya 2000 yanajulikana kwa tatizo hili. Kwenye vitufe na paneli ndogo, kinachonata huwa ni tabaka la poliuretani lililopulizwa kiwandani, ambalo unyevu na joto la miaka mingi vimelivunjavunja. Kulipaka rangi juu ni kupoteza fedha, kwa sababu chini bado ni ute. Liondoe lote kwa spiriti na kitambaa, kwa subira, hadi ufike kwenye plastiki ngumu, kisha upake praima na rangi isiyong'aa. Jihadhari na maandishi ya vitufe, kwani mengi yamechapwa juu ya tabaka hilohilo na yatatoka nalo.

Dashibodi nzima ikiwa imeyeyuka hadi inaacha alama ya kidole, tatizo liko kwenye ngozi yenyewe ya plastiki, na spiriti haitalifikia. Kilichobaki ni kuifunika kwa kava lililokatwa kwa umbo lake, ukiacha wazi sehemu ya mfuko wa hewa na matundu ya hewa, au kuibadilisha.

Dari linaloshuka na ngozi inayoachia

Kitambaa cha dari kikianza kunyong'onyea katikati, wengi hukibana kwa pini au kukidunga sindano ya gundi. Fanya hivi kwanza: bonyeza kitambaa kidogo, kisha utikise. Ukisikia mchakacho wa unga na kuona chembe za rangi ya kahawia zikidondoka kitini, sponji nyembamba iliyo nyuma ya kitambaa imeoza kwa joto, na gundi yoyote utakayoongeza itashika unga huo tu. Ubao wote ushushwe, unga usuguliwe hadi ubao uwe safi, na kitambaa kipya chenye sponji yake kigandishwe kwa gundi inayovumilia joto kali. Gundi ya kawaida ya viatu huonekana kushika vizuri asubuhi, na saa nane mchana dari liko kichwani kwa abiria.

Ngozi ya bandia kwenye milango huachia kwa sababu zilezile za stika, yaani PP isiyotayarishwa na gundi isiyostahimili joto, nayo hukaguliwa vilevile kwa kuangalia gundi imebaki upande gani. Kwenye viti vyenye mifuko ya hewa ya ubavuni, kava lisiloachia mshono wake upasuke lisishonwe kabisa.

Mwako na utando kwenye kioo cha mbele baada ya kazi

Dereva akilalamika kwamba anaona kivuli cha dashibodi kwenye kioo anapoelekea mashariki asubuhi, sehemu ya juu ya dashibodi imepewa umaliziaji unaong'aa. Hilo ni kosa la kiusalama. Sugua klia hiyo kwa wepesi na uifunike kwa klia isiyong'aa, au ubandue stika ile uweke nyeusi kavu.

Utando wa mafuta unaorudi kwenye kioo kila baada ya siku mbili ni mvuke unaotoka kwenye rangi, gundi au vinili mpya na kutua kwenye kioo usiku kinapopoa. Futa kwa spiriti, acha vioo vya milango wazi kidogo gari likiwa uani, na mvuke huo utapungua ndani ya wiki chache. Ukizidi hapo huku harufu ya thina ikiwa bado kali, fungua kipande kilichopakwa mwisho na ubonyeze klia yake kwa ukucha. Ikiingia alama, hadina ilikuwa pungufu na klia haitakauka kamwe, kwa hiyo kipande kivuliwe hadi kwenye plastiki na kipakwe upya.